Fedha za Serikali kwa Masomo ya Chuo: Ni Nani Astahiliye?



Mwezi huu nataka tujifunze pamoja habari moja iletayo watu mlangoni pangu kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapokwisha kutangazwa. Huja mama, huja mjomba, huja kijana mwenyewe, na wote wana neno moja: "Mchungaji, mtoto amefaulu, chuo kimemwita, lakini ada hatuna. Twasikia serikali hutoa fedha. Hupewa nani?"

Swali hili ni jema, na jibu lake si siri. Walakini nimeona kwamba wengi hulijibu kwa kukisia. Wengine husema fedha hizo ni za watoto wa wakubwa. Wengine husema ni za kila aliyefaulu. Wengine tena husema ni za yatima peke yao. Maneno hayo yote matatu si kweli. Basi na tuyatazame masharti yenyewe, kwanza ya zamani, kisha ya siku hizi, halafu tuone kazi itupasayo sisi wazazi, wazee na wainjilisti. Maana mara nyingi mtoto hukosa fedha hizo naye anastahili, kwa kuwa sisi wakubwa hatukuyaandika mapema mambo yaliyo kweli juu yake.

1. Zamani ilikuwaje

Kutoka Nyamuswa hata Butiama si mbali. Huko alizaliwa Julius Nyerere mwaka 1922. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, mjini Musoma; akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere katika Uganda. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskochi, akasoma huko hata mwaka 1952. Safari hiyo haikulipwa kwa ng'ombe wa nyumbani kwao, bali kwa fedha za ufadhili. Siku zile nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na waliolipiwa masomo ya juu walikuwa wachache sana.

Mwaka 1961 chuo kikuu kilianzishwa Dar es Salaam. Baada ya uhuru serikali iliwalipia wanafunzi gharama zao, nayo ikadai kitu mkononi mwao, yaani utumishi. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kulipinga sharti la kuingia Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere akawarudisha makwao. Tena akaupunguza mshahara wake mwenyewe.

Kisha, mwezi wa Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma, katika mkoa wetu huu, na likatoka Azimio la Musoma. Watu wengi hulikumbuka kwa sababu ya elimu ya msingi, maana liliagiza kwamba kila mtoto aipate kufikia mwaka 1977. Lakini lilikuwa na neno la pili, lililohusu chuo kikuu. Liliamuru kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza kwa muda wa miaka miwili hivi, na wale aliofanya kazi kwao washuhudie bidii na mwenendo wake. Baadaye sharti hilo lililegezwa, kwanza kwa wasichana, kwa kuwa ilionekana hesabu yao chuoni inapungua.

Katika miaka ya 1990 serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama, mzazi na mwanafunzi nao wabebe sehemu ya mzigo. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria Namba 9, ambayo kwayo iliundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2005. Majirani zetu nao wana vyombo vya namna hiyo: Kenya tangu mwaka 1995, na Uganda tangu mwaka 2014. Tangu hapo fedha ambazo mwanafunzi hupewa ni deni, kwa sehemu kubwa.

Tazameni sasa. Kila wakati nchi imejiuliza maswali mawili: fedha za wote apewe nani? Na aliyepewa atarudisha nini? Mwaka 1966 jibu lilikuwa utumishi. Mwaka 1974 lilikuwa ushuhuda wa kazi. Siku hizi aombaye hutazamwa uhitaji wake, nao huonekana kwa hati; na kinachorudishwa ni fedha.

2. Mlango mpya wa stashahada

Kwa miaka mingi mikopo ilikuwa kwa ajili ya shahada za chuo kikuu. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne, akaitwa na chuo cha uuguzi au cha kilimo, hakuwa na pa kuomba. Mzazi aliuza ng'ombe, au mtoto alibaki nyumbani akipalilia pamba. Lakini tangu mwaka wa masomo 2023/2024 serikali ilianza kuwakopesha na wanafunzi wa stashahada, si wa masomo yote, bali wa fani zile ambazo nchi ina upungufu wa watu wake. Mpango ulipoanza zilikuwa hizi: afya, ualimu wa sayansi na wa ufundi, usafiri na usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini na elimu ya ardhi, kilimo na mifugo.

Angalieni vema maneno hayo. Mtoto achaguaye stashahada ya fani isiyomo katika orodha asitumainie mkopo huo. Vilevile kozi za cheti, yaani astashahada, hazikuwamo katika mpango huo ulipoanza. Basi yafaa kuitazama orodha kabla ya kuchagua chuo. Nimeona wazazi wakifurahi kwa barua ya chuo, kisha wakalia kwa sababu ya fani.

Tena tangu mwaka 2022/2023 kuna ufadhili uitwao Samia, ambao haulipwi. Huo ni kwa wachache waliofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Ni jambo la heshima, lakini mzazi asijenge nyumba yake juu ya hilo.

3. Masharti ya kuomba

Masharti hutolewa na Bodi katika kitabu kidogo kiitwacho mwongozo, nacho hutoka upya kila mwaka. Kwa hiyo msome ule wa mwaka wenu, wala msitegemee wa jirani aliyeomba zamani. Katika miongozo ya miaka ya karibuni masharti makubwa yamekuwa haya:

Kwanza, mwombaji awe Mtanzania, na umri wake usizidi miaka 35 wakati wa kuomba.

Pili, awe amekwisha kupata nafasi katika chuo kilichothibitishwa na serikali. Mkopo humfuata mtu aliyepokewa, haumtafutii nafasi.

Tatu, awe amemaliza masomo yampayo sifa ya kuingia chuoni katika muda wa miaka mitano iliyopita. Sharti hili wengi hawalijui. Kijana akaaye nyumbani mwaka mmoja, kisha mwingine, akisema "nitaomba baadaye," siku zake zinahesabiwa.

Nne, asiwe na mshahara wa ajira wala wa mkataba.

Tano, maombi yake yawe kamili, yapelekwe kwa mtandao katika siku zilizowekwa, pamoja na ada ya shilingi 30,000 ambayo hairudishwi. Siku hizo za kupokea maombi huitwa dirisha, na jina hilo lafaa, maana hufunguliwa kwa muda kisha hufungwa.

Mtu akiyatimiza yote hayo, ameruhusiwa kuomba tu, bado hajapewa. Kisha Bodi hupima uhitaji wake. Hutazama kama yeye ni yatima, au ana ulemavu, au mzazi wake ana ulemavu. Kama nyumba yao imo katika mpango wa kaya maskini wa TASAF. Kama masomo yake ya sekondari yalilipwa na mfadhili. Kwa kipimo hicho mmoja hupata nyingi, mwingine chache, mwingine hakosi kuambiwa hapana. Anayeona hakupimwa sawasawa ana nafasi ya kukata rufaa, ikiwa ana hati za kuonyesha.

4. Hati ndizo macho ya Bodi

Afisa aliye Dar es Salaam hawezi kuja Nyamuswa kuiona nyumba yako. Hajui kwamba paa linavuja, wala kwamba baba alikufa wakati wa mavuno. Ayajuayo ni yale yaliyoandikwa. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa chapasa kihakikiwe na RITA, ndio Wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo. Cheti cha kifo cha mzazi nacho vivyo hivyo. Mwenye ulemavu huleta fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Aliyesomeshwa na mfadhili huleta barua ya mfadhili huyo. Fomu ya maombi husainiwa na mwombaji, na mdhamini wake, na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na mwenye mamlaka ya kuapisha.

Watu husema, "Hizi karatasi ni za kuwasumbua maskini." Nami zamani nilisema hivyo. Lakini fikirini: kama hapana karatasi, nani atapewa? Atapewa yule ambaye mjomba wake anamfahamu mtu ofisini. Mtoto wa mjane asiyemjua mtu hana mjomba wa namna hiyo. Karatasi iliyo kweli ndiyo mjomba wake.

5. Kosa langu mwenyewe

Sasa yanipasa kusema jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema. Mwaka 2023, mlango wa stashahada ulipofunguliwa, binti mmoja wa usharika wetu alipata nafasi katika chuo cha afya. Baba yake alikuwa amekufa. Mama yake hulima muhogo na pamba kidogo. Nikasema moyoni, huyu hawezi kukosa. Nikamwambia mama yake asiogope.

Alipopeleka hati zake, zilirudi. Jina la cheti cha kuzaliwa halikulingana na jina la cheti cha shule. Shuleni aliandikwa kwa jina la baba yake. Katika cheti cha kuzaliwa aliandikwa kwa jina la babu. Tukauliza, jina la babu limetoka wapi? Mama akaenda ndani, akarudi na kadi ya ubatizo iliyokunjwa katika kitambaa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimetafutwa kwa kuchelewa, na kadi ile ndiyo ilitumika kuwa ushahidi. Na mwandiko wa kadi ile ulikuwa wangu. Siku ile nilibatiza watoto wengi. Babu ndiye aliyesimama mbele yangu. Nami niliandika jina lake bila kuuliza.

Tena hapakuwa na cheti cha kifo cha baba. Alifia nyumbani, tukamzika nyumbani, nami niliongoza mazishi. Wazee walikuwapo, mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mjane, "Nenda ukaandikishe kifo hiki." Mbele ya serikali mtu yule alikuwa hai bado, na binti yake hakuwa yatima.

Tulikwenda Bunda, tukarudi, tukaenda tena. Jina likasahihishwa, kifo kikaandikishwa, lakini dirisha lilikuwa limekwisha kufungwa. Binti yule alikaa nyumbani mwaka mzima. Nilimwona shambani akivuna pamba, akanisalimu kwa adabu kama siku zote, "Shikamoo, Mchungaji," wala hakunilaumu. Na hilo lilinichoma zaidi kuliko lawama. Mwaka 2024 aliomba tena, akapata. Namshukuru Mungu kwa hilo. Walakini mwaka ule mmoja ulipotea kwa sababu ya kalamu yangu na kwa sababu ya ukimya wetu kaburini.

6. Barua niliyoombwa

Mwaka huo huo alinijia mtu mwingine, ambaye nampenda na kumheshimu. Ana duka, ana ng'ombe wengi, ana mtoto aliyeitwa na chuo. Akasema, "Mchungaji, niandikie barua tu, kwamba kijana huyu analelewa na bibi yake, na baba yake hajulikani alipo."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, baba yake ameketi mbele yangu anakunywa chai."

Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Fedha za serikali si zako. Unanyima nini?"

Neno lile nimelifikiri sana. Ni kweli si zangu. Lakini fungu la mwaka lina mwisho wake. Kama ningeandika uongo ule, kijana wa duka angepimwa kuwa mhitaji sana, na mtu mwingine chini ya orodha angekosa. Nisingemwona mtu huyo. Labda yuko Tarime, labda Tandahimba. Lakini yupo, naye ana mama. Kushuhudia uongo kwa ajili ya mtoto wa rafiki ni kumnyang'anya mtoto wa mtu nisiyemjua.

Nilimweleza rafiki yangu njia iliyo wazi: kijana wake ana haki ya kuomba kama wengine, aeleze hali yake kama ilivyo, apimwe, na akipata kidogo, baba aongeze. Aliondoka kwa hasira. Miezi mingi sikumwona. Siandiki haya kujisifu, maana ya kwanza yamewaonyesha mimi ni mtu gani. Nayaandika ili mwinjilisti atakayeombwa barua kama ile ajue kwamba hayuko peke yake.

7. Mkopo ni deni

Neno la mwisho la kufundisha ni hili: mkopo hurudishwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, kwa sheria iliyobadilishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2021 serikali iliondoa nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni la kila mkopaji, na wengi walipumua. Lakini deni lenyewe halikuondolewa.

Kijana na aambiwe hayo kabla ya kutia sahihi, asije akashangaa siku ya mshahara wa kwanza. Na mdhamini naye ajue kwamba sahihi yake si pambo. Tena tusiwafundishe vijana kulikimbia deni kwa ujanja. Fedha zinazorudi ndizo zinazoongeza fungu la wanaofuata. Katika kijiji chetu mtu akiazima jembe, hulirudisha kabla ya mvua, maana jirani naye ana shamba. Ndivyo ilivyo hapa.

8. Mambo ya kufanya

Basi ndugu, tufanye haya. Mtoto akizaliwa, aandikishwe upesi, kwa jina lile lile litakalotumika shuleni. Mtu akifa, wazee wa usharika wamkumbushe mfiwa juu ya cheti, baada ya siku za matanga, kwa upole. Mwinjilisti aandikapo kadi ya ubatizo, aulize herufi kwa herufi: jina la mtoto, la baba, la babu, kisha amsomee mzazi kwa sauti. Mtoto afikapo kidato cha tatu, mzazi atoe hati zote sandukuni, azilinganishe majina. Kosa likionekana mapema husahihishwa kwa nauli ya kwenda Bunda. Likionekana siku za dirisha huweza kula mwaka. Na kila usharika uwe na mtu mmoja ajuaye kusoma mwongozo wa mwaka huo na kutumia mtandao, awasaidie wengine bila malipo.

Mimi mwenyewe nimeanza kukipitia kitabu chetu cha ubatizo, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na wazazi. Hata leo tumekwisha kuona makosa kumi na moja. Yote yako katika mwandiko wangu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini watoto wanaostahili hukosa mkopo? Taja sababu mbili zilizo katika uwezo wetu.
2. Mtoto wako ana vyeti gani leo? Je, majina yake ni yale yale katika vyote?
3. Azimio la Musoma lilitaka ushuhuda wa watu kabla ya kijana kuingia chuo kikuu. Siku hizi nani hushuhudia juu ya mwombaji, na kwa njia gani?
4. Rafiki akikuomba barua isiyo ya kweli, utamjibuje bila kumdharau?
5. Ni nani katika usharika wenu amefiwa, naye hajaandikisha kifo? Nani atakwenda kumwambia?

Ni mimi ndugu yenu,
Mchungaji, Nyamuswa